Kutoka intaneti hadi televisheni: vitenzi vya kutazama mpira mubashara

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha akiulizwa nyumbani namna ya kuutoa mpira kwenye intaneti na kuuonyesha kwenye televisheni, mara nyingi hujibu hivi: «Unakonekte simu ku tele, unalanse application, kisha unaangalia en direct.» Waliomzunguka wanaitikia kwa kichwa. Mechi inaanza, televisheni ni nyeusi, na mega zinaendelea kuisha.

Tuichambue sentensi hiyo. Viambishi ni vya Kiswahili: u-, -na-. Mizizi ya vitenzi viwili kati ya vitatu ni ya Kifaransa. Sisi hatuna ugomvi na ukopaji: Kiswahili kimekopa tangu zamani, kutoka Kiarabu, Kireno, Kiingereza na Kifaransa, na hakikufa. Ugomvi wetu ni mwingine. Kitenzi «kukonekte» kinatumika hapo kwa matendo manne yaliyo tofauti kabisa, na kila tendo linahitaji kifaa chake, waya wake na gharama yake. Msikilizaji anayeambiwa «konekte» hajaambiwa la kufanya.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa nchini mwetu, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lugha ya taifa inatakiwa iweze kumweleza baba, mama au jirani jambo analolifanya kila Jumamosi jioni. Katika somo hili tunakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina vitenzi vinavyotosha kueleza safari nzima ya picha kutoka uwanjani hadi sebuleni. Tunakusudia pia kuonyesha kwamba anayekosea kitenzi hukosea kazi yenyewe. Tutapitia jozi za vitenzi moja baada ya nyingine, kisha tutatoa mazungumzo ya mfano na mazoezi.

1. Kurusha na kutiririsha

Tuanze na umbo la maneno. Kitenzi «ruka» kikiingia katika kauli ya kutendesha kinakuwa «rusha»: kufanya kitu kiruke. Sauti k inageuka sh. Ndivyo ilivyo kwa «waka» na «washa», «amka» na «amsha». Kwa kanuni hiyo hiyo, «tiririka», yaani kwenda polepole bila kukatika kama maji ya kijito, huzaa «tiririsha». Kwa sarufi, basi, kurusha na kutiririsha ni ndugu. Kwa maana ni kazi mbili tofauti.

Kituo cha televisheni kinaporusha mechi, kinapeleka mawimbi hewani mara moja. Yakipitia setilaiti, yanapanda hadi umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kisha yanarudi chini na kuanguka juu ya nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kila mwenye antena ya sahani na ruhusa ya kufungua picha anayadaka. Watazamaji wakiwa elfu moja au milioni kumi, kituo kinarusha mara moja tu, na anayeongezeka hampunguzii mwingine chochote. Kitenzi chake hakihitaji kumtaja mpokeaji: «Kituo kinarusha mechi.»

Intaneti haifanyi hivyo. Simu ya mtazamaji, au televisheni yake, inatuma ombi kwa kompyuta kubwa iitwayo seva, na seva inamjibu yeye. Jirani yake akitaka mechi hiyo hiyo, anatuma ombi lake na kujibiwa peke yake. Hapa sarufi inatusaidia, kwa sababu tunaweza kuongeza kauli ya kutendea: «Seva inamtiririshia kila mtazamaji mechi.» Kiambishi -m- na kiishio -ia vinabeba ukweli wa kiufundi: kila mtu ana mfereji wake. Ndiyo maana kampuni zinazotiririsha huweka nakala za picha katika seva nyingi zilizotapakaa duniani, ili maombi yote yasikimbilie mlango mmoja. Na ndiyo maana katika mechi kubwa picha ya intaneti huweza kukwama wakati ile ya sahani haitikisiki.

Kwa hiyo mwanafunzi asiandike «kurusha» kila mahali. Tunapendekeza kanuni rahisi. Ikiwa picha inatoka mara moja na kudakwa na wote, tumia kurusha. Ikiwa kila mtazamaji anaomba na kupewa ya kwake, tumia kutiririsha, na nomino yake utiririshaji.

2. Kutiririsha na kupakua: habari ya bidoni

Jozi ya pili ina kitenzi ambacho kila mtu anakijua kutoka jikoni. «Pakia» ni kuweka mzigo ndani ya chombo au gari. «Pakua» ni kinyume chake: kutoa mzigo, au kutoa chakula chunguni na kukiweka sahanini. Irabu u ndiyo inayogeuza maana, kama katika «funga» na «fungua», «ziba» na «zibua». Siku hizi kupakua ni pia kuchukua faili kutoka intaneti na kuliweka katika simu.

Anayepakua filamu anapata sahani nzima. Inabaki kwake, anaweza kuitazama kesho bila mtandao. Anayetiririsha anayatazama maji yakipita. Akimaliza, habaki na kitu. Mechi inayoendelea haiwezi kupakuliwa nzima kwa sababu haijaisha: dakika ya 80 haipo bado wakati sisi tuko dakika ya 12. Hivyo mpira mubashara hauna njia nyingine katika intaneti isipokuwa kutiririshwa.

Lakini mfereji wa intaneti hautoi maji kwa nguvu ileile saa zote. Hapa Lubumbashi, kama katika miji yetu mingi, hatuhitaji kufundishwa jambo hili: bomba linapotoa maji tunajaza bidoni, na bomba likikauka tunachota bidonini. Programu ya kutazamia mpira inafanya vivyo hivyo. Inachukua sekunde kadhaa za picha mapema na kuziweka pembeni, kisha inatuonyesha zile zilizokwisha kufika. Hifadhi hiyo ya muda, ambayo Wafaransa huiita «mémoire tampon», ndiyo bidoni yetu. Mtandao ukizubaa kidogo, sisi hatuoni kitu kwa kuwa bidoni bado ina maji. Ukizubaa zaidi, bidoni linakauka na kile kiduara kinaanza kuzunguka katikati ya kioo. Kwa Kiswahili tuseme: «Picha imekwama, hifadhi inajazwa.»

Tuongeze jambo moja. Mechi haisafiri kama uzi mmoja mrefu. Inakatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kinaandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora: hafifu, wastani, safi. Programu inapima nguvu ya mtandao na kuchagua kiwango cha kipande kinachofuata. Kwa sababu hiyo nyuso za wachezaji huingia ukungu ghafla, kisha zikarudi kung'aa. Televisheni haijaharibika. Programu imechagua kipande chepesi ili mpira usisimame.

3. Kuunga, kuakisi, kuelekeza

Tumefika kwenye kiini cha swali. Mechi imefika nyumbani kwa intaneti. Sasa itaingiaje kwenye televisheni? Hapa ndipo «kukonekte» kunapoficha mengi. Tunatenganisha njia nne.

Njia ya kwanza ni kuunga kwa waya. Kompyuta nyingi zina tundu la HDMI, na televisheni za kisasa pia. Waya mmoja hubeba picha na sauti pamoja. Mtu anauchomeka, kisha anachukua rimoti, ile tunayoiita telekomande, na kuchagua chanzo chenye jina hilo. Kwa simu ni lazima kuwa na uangalifu: si kila simu inaweza kutoa picha kwa tundu lake la kuchajia, hata kama kipande cha kuungia kinaingia vizuri. Kuingia kwa plagi si ushahidi kwamba picha itatoka. Televisheni za zamani zina matundu matatu ya rangi: ya njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Kwa hizo kinatakiwa kigeuzi, kifaa kidogo kinachopokea HDMI na kutoa nyaya hizo tatu. Picha haitakuwa safi sana, lakini mpira utaonekana.

Njia ya pili ni kuakisi. Kioo kinaakisi sura ya aliyesimama mbele yake, bila kuongeza wala kupunguza. Simu inayoakisi inaipelekea televisheni, bila waya, kila kinachoonekana juu yake. Kitenzi kinatueleza matokeo yote. Ukizima kioo cha simu, televisheni nayo inapoteza picha. Ujumbe ukiingia, wageni wote wataweza kuusoma. Betri inachoka haraka, kwa kuwa simu inafanya kazi mbili pamoja: kupokea mechi na kuituma tena.

Njia ya tatu ni kuelekeza. Mwaka 2013 kampuni ya Google ilitoa Chromecast, kijiti kidogo kinachochomekwa katika tundu la HDMI. Jina lake lina ndani yake neno la Kiingereza linalomaanisha kutupa au kurusha, nalo limewapotosha wengi. Watu wanadhani simu inairushia televisheni picha. Sivyo. Simu inakipa kijiti anwani ya mechi tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba iliko. Kijiti chenyewe kinakwenda kwenye intaneti na kuichukua picha. Baada ya hapo simu inabaki kuwa rimoti: waweza kuzima kioo chake au kupokea simu ya shangazi bila kuwasumbua watazamaji. Ndiyo maana tunapendelea «kuelekeza» kuliko «kurusha» au «kutupa» kwa kazi hii. Sharti lake ni moja: simu na kijiti viwe katika mtandao mmoja wa Wi-Fi.

Katika nyumba zetu nyingi hakuna Wi-Fi isipokuwa ile inayogawiwa na simu. Njia nyepesi ni kutumia simu mbili: moja igawe intaneti, nyingine ijiunge nayo pamoja na kijiti na ielekeze. Atakayekuwa na simu ya kugawa asiende nayo sokoni mechi inapoendelea.

Njia ya nne haihitaji simu kabisa. Televisheni janja ina programu ndani yake na inaingia yenyewe kwenye intaneti. Hapa kitenzi ni kufungua: tunafungua programu ya kituo kama tunavyofungua mlango.

Kwa hiyo, badala ya kitenzi kimoja cha kukopa, tuna vinne vya kwetu: kuunga, kuakisi, kuelekeza, kufungua. Kila kimoja kinamwambia msikilizaji kifaa anachohitaji.

4. Neno «mega» na maana zake mbili

«Mega zimeisha», husema mwenye Kiswahili sanifu. «Mamega imeisha», husema mwenzake wa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi. Mmoja ameliacha neno katika ngeli ya N, mwingine amelipa kiambishi ma- cha wingi na upatanisho uliorahisishwa. Wote wawili wanaelewana. Tatizo haliko kwenye ngeli, liko kwenye maana.

Mega ni milioni. Milioni ya nini? Kampuni za simu zinapouza intaneti, zinauza megabaiti, ambazo kwa Kifaransa ni «mégaoctets». Zinapotaja kasi, zinataja megabiti kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, na neno la Kifaransa «octet» linaikumbuka hiyo nane. Asiyetenganisha biti na baiti atakosea hesabu mara nane.

Tuchukue mechi ya dakika 100, pamoja na nyongeza za mwamuzi. Hizo ni sekunde 6,000. Mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde, unaotoa picha hafifu, utachukua megabiti 6,000. Gawanya kwa nane: megabaiti 750. Mkondo wa megabiti 3 utachukua megabaiti 2,250. Mkondo wa megabiti 5, wenye picha safi, utachukua megabaiti 3,750, yaani karibu gigabaiti nne kwa mechi moja.

Hapa kuna mtego unaowapata wengi. Watu wengine huogopa kwamba picha inayopita kutoka simu hadi televisheni italipiwa mara ya pili. Haiko hivyo: safari ya ndani ya nyumba, kwa waya au kwa Wi-Fi, haili mega. Picha inalipiwa mara moja tu, inapoingia kutoka nje. Lakini kioo kikubwa huomba picha kubwa. Simu ilikuwa imeridhika na mkondo wa megabiti 1. Kijiti au televisheni janja, ikijitambua kuwa na kioo kipana, inaweza kuomba megabiti 5 bila kumuuliza mtu. Mfuko unapungua mara tano zaidi, na mwenyewe anadhani ameibiwa. Dawa ni kuingia katika mipangilio ya programu kabla ya mechi na kuchagua ubora kwa mkono, wala kutouachia mashine.

5. Mubashara si papo hapo

«Mubashara» ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo lina maana ya jambo linalofanyika bila kitu katikati. Vyombo vya habari vya Afrika Mashariki vimelizoesha masikio, sambamba na «moja kwa moja». Kwetu Kongo, «en direct» bado ndiyo inayotawala. Maneno yote matatu yanaahidi kitu kimoja: unaona sasa kinachotendeka sasa.

Je, ahadi hiyo inatimizwa? Tuchukue mechi ambayo hakuna Mkongomani aliyeisahau. Tarehe 28 Januari 2024, mjini San Pédro nchini Côte d'Ivoire, Léopards walikutana na Misri katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Mechi ilianza saa nne za usiku kwa saa za Lubumbashi. Dakika 120 ziliisha kwa bao 1 kwa 1. Zikapigwa penalti, na baada ya saa sita za usiku golikipa wetu Lionel Mpasi alipiga ya mwisho na kufunga: 8 kwa 7.

Sasa tupime njia mbili. Kwa setilaiti, mawimbi yanapanda kilomita 36,000 na kushuka nyingine 36,000. Kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo inachukua takriban robo ya sekunde. Kuandaa picha na kuifungua kunaongeza sekunde chache. Kwa intaneti, mpira unakatwa vipande kama tulivyosema. Ikiwa kila kipande ni cha sekunde 6, na programu inasubiri kuwa navyo vitatu ndani ya bidoni kabla ya kuonyesha, tayari ni sekunde 18. Ongeza muda wa kukata, kubana na kusafirisha, mtu anafika nusu dakika kwa urahisi.

Katika mchezo wa kawaida, nusu dakika si kitu. Katika penalti ni kila kitu. Mwenye kutiririsha anamwona mpigaji akiweka mpira chini, huku mtaa mzima, unaotazama kwa sahani, umekwisha kupiga kelele. Anajua matokeo kabla ya kuyaona. Macho yake yako nyuma ya masikio yake. Na anayesikiliza redio ya kawaida huenda akawatangulia wote wawili, kwa sababu sauti ni nyepesi kuliko picha.

Je, tuseme basi kwamba «mubashara» ni neno la uongo? Hapana. Somo la semantiki limetufundisha kwamba maana ya neno hukaa katika tofauti yake na maneno mengine. Kinyume cha «mubashara» ni «iliyorekodiwa», yaani mechi iliyokwisha na kuwekwa akiba. Mechi inayotiririshwa kwa kuchelewa nusu dakika bado ni mubashara, maana mchezo unaendelea na hakuna aliyeuhariri. Kinyume cha «iliyochelewa» ni neno jingine: «papo hapo». Tukitenganisha maneno haya mawili, tunaweza kusema sentensi ambayo «en direct» peke yake haiwezi kuisema: «Mechi ni mubashara, lakini si papo hapo.» Sentensi hiyo inampa mtazamaji habari ya kweli, naye ataamua mwenyewe kama azime redio, afunge dirisha au amfuate jirani mwenye sahani.

6. Mazungumzo ya mfano

Tuyaweke maneno yetu kazini. Kijana yuko nyumbani na baba yake, saa moja kabla ya mechi.

— Papa, nyuma ya televisheni kuna tundu la HDMI?
— Mimi naona matundu matatu tu: ya njano, nyeupe na nyekundu.
— Basi hatutaweza kuelekeza kwa kijiti peke yake. Tutaunga kompyuta kwa kigeuzi.
— Kigeuzi ni kile kisanduku kidogo ulicholeta juzi?
— Ndiyo, Papa. HDMI inaingia upande huu, nyaya tatu zinatoka upande ule. Kigeuzi nacho kinataka umeme, tukichomeke.
— Na mega? Wiki iliyopita ziliisha kabla ya mapumziko.
— Kwa sababu programu ilijichagulia ubora wa juu. Leo naweka wa chini. Mechi nzima itakula kama megabaiti 750.
— Na yule jirani atatutangulia tena kupiga kelele?
— Atatutangulia, Papa. Yeye anapokea kwa sahani, sisi tunatiririsha.
— Basi funga dirisha, mwanangu.

Hakuna neno katika mazungumzo haya linalohitaji kamusi. Baba ameelewa kifaa, gharama na ucheleweshaji.

Tuongeze neno moja juu ya njia halali. Haki za kurusha na za kutiririsha mashindano huuzwa kwa vituo, na kila kituo hununua kwa nchi fulani na kwa muda fulani. Hivyo programu ileile yaweza kufungua mechi mjini Paris na kuifunga Lubumbashi. Anwani zinazotoa kila mechi bure bila haki huzaa madirisha ya matangazo, huomba mtu apakue vitu asivyovijua, na hukatika mechi ikinoga. Kabla ya kuandaa nyaya, tuulize kwanza nani amenunua haki kwa nchi yetu, na tujaribu programu yake siku moja kabla.

7. Mazoezi

(1) Eleza tofauti ya maana kati ya «kituo kinarusha mechi» na «seva inamtiririshia mtazamaji mechi». Onyesha viambishi vinavyobeba tofauti hiyo.

(2) Sahihisha sentensi hii, kisha eleza kwa nini: «Simu yangu imeirushia Chromecast picha, kwa hiyo siwezi kuzima kioo cha simu.»

(3) Mechi ya dakika 125, pamoja na muda wa ziada, inatiririshwa kwa megabiti 2 kwa sekunde. Itachukua megabaiti ngapi? (Jibu: 1,875.)

(4) Tafuta vitenzi vitano zaidi ambavyo irabu u inageuza maana, kama katika pakia na pakua. Je, kuna kimoja kinachoweza kutumika katika mambo ya kompyuta?

(5) Mweleze bibi yako, kwa sentensi zisizozidi sita, kwa nini jirani anashangilia bao kabla yenu. Usitumie neno lolote la Kifaransa. Kisha muulize bibi kama ameelewa, na uandike maneno yaliyomkwamisha.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili kinaweza kuufuata mpira hatua kwa hatua: kinautiririsha, kinaujaza bidonini, kinauunga, kinauakisi au kinauelekeza, na kinasema wazi umechelewa kiasi gani. Hatukubuni neno hata moja. Tumechagua tu, kati ya maneno yaliyopo, lile linalolingana na tendo, na tumekataa kuyafunika matendo manne kwa kitenzi kimoja.

Zoezi la tano ndilo tunalolipa uzito zaidi. Istilahi haithibitiki katika ukumbi wa mihadhara, inathibitika pale mtu asiyeijua anapoisikia na kufanya kazi kwa usahihi. Tunawaomba wanafunzi wenzetu walifanye nyumbani kabla ya mechi ijayo, na waje na orodha zao za maneno yaliyokwama. Huko ndiko kazi ya kitivo inakoanzia: kwa maneno ambayo bibi hakuyaelewa.